Nyumba mbili, intaneti moja: dishi, paneli, faiba au laini ya pili?

Mama anaishi Nyamasaria. Mimi niko Riat, juu kule ambako ukipanda kwenye paa unaiona Kisumu yote imelala chini yako: uwanja wa ndege, ziwa, na mkono wa kushoto tambarare za Kano zikipotelea kwenye ukungu wa joto. Kati yetu ni kilomita nane hivi. Kwangu faiba ilifika mapema. Kwake haijafika mpaka leo, na bando la simu lilikuwa likimwishia kabla mhubiri wake wa Jumapili hajafika katikati ya mahubiri.

Ndipo nikaanza kuulizia namna ya kumtupia intaneti yangu kwa hewa. Tangu hapo nimenunua kifaa kisichofaa mara moja, kinachofaa mara moja, nimeunguza swichi mbili za mtandao (vile visanduku vya kugawa kebo), na nimesaidia ndugu na mashemeji kadhaa huku na Bunyore kuchagua vya kwao. Nilichojifunza ni kwamba swali tunalouliza dukani, "hii inafika kilomita ngapi?", halikusaidii kitu. Muuzaji atakusomea kilichoandikwa kwenye boksi, na boksi limeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuona mkaratusi. Uliza badala yake: kati ya nyumba hii na ile kuna nini?

Kwanza, je, unahitaji daraja kweli?

Nitaliita daraja, kwa sababu ndivyo linavyofanya kazi: redio moja huku, nyingine kule, na nyumba mbili zinakuwa mtandao mmoja.

Piga hesabu ya laini ya pili kwanza. Tuseme jozi ya redio, nguzo mbili, kebo ya nje, kinga za radi na mkono wa fundi vimekula shilingi 45,000, na nyumba ya pili ingeweza kupata intaneti yake kwa shilingi 3,000 kwa mwezi. Daraja linajilipa mwezi wa kumi na tano. Kama ni nyumba ya kupanga, au kama tayari mnaona vijana wakichimba mtaro wa faiba kwenye barabara yenu, weka pesa mfukoni. Kama ni boma la wazazi ambalo litakuwa palepale miaka ishirini ijayo, endelea kusoma.

Kuna setilaiti pia. Starlink ilianza kuuza huduma Kenya Julai 2023, na kwa boma lililojificha nyuma ya kilima ni jibu zuri, kwa kuwa haitaki kuona nyumba ya jirani, inataka kuona mbingu tu. Lakini ni ada nyingine ya kila mwezi, na dishi lake la kawaida hunywa wati 50 na zaidi, ilhali redio ya daraja hunywa wati 7 hivi. Stima ikipotea saa moja jioni utaielewa tofauti hiyo vizuri sana.

Jambo moja ambalo watu husahau: daraja linagawa, haliongezi. Kama unalipia megabiti 20, wewe na mama yako mnakula megabiti 20 hizo hizo. Faida yake nyingine haionekani kwenye bili. Kamera ya lango la Mama naiitazama hata siku intaneti imekatika kabisa, maana picha haziendi popote isipokuwa kutoka Nyamasaria hadi Riat.

Nyumba zinaonana?

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu hapa ndipo pesa hupotelea.

Google Earth itakuchorea mstari kati ya nyumba mbili na kukuonyesha ardhi inavyopanda na kushuka chini yake. Ni mwanzo mzuri, lakini mchoro ule unaonyesha udongo. Hauonyeshi miti, wala ghorofa ya mwaka jana, wala tangi la maji la jirani. Kwa hiyo mdogo wangu alipanda juu ya paa la Mama saa nne asubuhi na kioo cha kunyolea, mimi nikapanda langu na simu sikioni. Akaanza kulichezesha jua kuelekea Riat. Dakika tano sikuona kitu zaidi ya mabati elfu moja yanayong'aa yote kwa pamoja. Nikamwambia asitulie, apepee polepole kushoto na kulia. Ndipo nikaiona: cheche moja nyeupe, ndogo kama kichwa cha sindano, inawaka, inazimika, inawaka tena, wakati mabati mengine yote yametulia. Nikaweka alama ya rangi kwenye ukuta mahali nilipokuwa nimesimama. Kioo hicho kilikuwa cha shilingi hamsini na ndicho kifaa cha maana kuliko vyote nilivyonunua.

Kuonana kwa macho hakutoshi, hata hivyo. Mawimbi ya redio hayapiti kama uzi. Yanapita kama muhogo: mwembamba ncha zote mbili, mnene katikati. Wataalamu huita umbo hilo eneo la Fresnel, na unene wake unategemea umbali na masafa ya redio, yaani mawimbi yanatikisika mara ngapi kwa sekunde, jambo linalopimwa kwa gigahezi. Kwa kilomita 8 kwenye gigahezi 5.8, nusu ya unene pale katikati ni kama mita 10. Kwenye gigahezi 2.4 ni karibu mita 16. Kanuni wanayoifuata mafundi ni kwamba angalau asilimia 60 ya hiyo iwe wazi, yaani mita 6 chini ya mstari kwa ile ya kwanza na mita 9 na nusu kwa ile ya pili. Ongeza mita moja hivi kwa sababu dunia ni mviringo, hata kwa umbali mdogo kama huu. Kwa hiyo ukiona kilele cha mwembe kinagusa mstari wa macho yako, usiseme "naiona nyumba". Nusu ya muhogo wako imo ndani ya mwembe.

Mimi nilikuwa na bahati ya kilima. Riat iko juu, mstari unashuka kuelekea tambarare, na katikati pote ni hewa. Watu wawili walioko kwenye tambarare ya Kano, kilomita hizo hizo nane, watahitaji nguzo ndefu pande zote mbili. Nguzo ndefu inataka nyaya za kuishikilia na msingi wa zege, na ukiwa karibu na uwanja wa ndege inahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga. Kilima kinakuokoa pesa kuliko antena yoyote ile. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake kule Venezuela waliunganisha vilele viwili vya milima vilivyo umbali wa kilomita 382 kwa kutumia ruta za kawaida za waifai zilizobadilishwa programu, kwenye gigahezi 2.4. Katikati hapakuwa na kitu. Shemeji yangu alishindwa kuvuka mita 350. Nitafika huko.

Paneli ya 2.4, paneli ya 5, au dishi la 5

Hizi ndizo tatu utakazozikuta dukani Kisumu au Nakuru. Namba ni gigahezi, na 5.8 ni sehemu ya juu ya hiyo 5. Paneli ni kile kiboksi cheupe, kirefu kidogo kuliko kiganja. Dishi unalijua.

Mimi nilianza na paneli za 2.4 kwa sababu muuzaji aliniambia, kwa sauti ya mtu anayefichua siri, "hii ya 2.4 hupenya." Hakusema uongo kabisa. Masafa ya chini hupita kwenye majani ya mti mmoja kwa hasara ndogo kuliko masafa ya juu. Lakini mimi sikuwa na mti wa kupenya, nilikuwa na kilomita nane za hewa na mji mzima chini yangu.

Nguvu ya mawimbi yanayofika upande wa pili hupimwa kwa desibeli, kwa namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Ukipata −60 unakula vizuri. Ukiwa −70 unakula. Ukiwa −80 unaomba. Nimekokotoa vipimo vya vifaa vya kawaida, redio ikituma kwa desibeli 20, nyumba zikionana bila kizuizi:

| Kifaa (pande zote mbili) | Kilomita 1 | Kilomita 3 | Kilomita 8 |
|---|---|---|---|
| Paneli ya 2.4, antena ya desibeli 9 | −62 | −72 | −80 |
| Paneli ya 5.8, antena ya desibeli 13 | −62 | −71 | −80 |
| Dishi la 5.8, antena ya desibeli 23 | −42 | −51 | −60 |

Tazama mistari miwili ya kwanza. Ni kitu kimoja. Masafa ya 5.8 hupoteza desibeli karibu 8 zaidi njiani, lakini paneli ya ukubwa uleule huyakusanya vizuri zaidi pande zote mbili, na mambo yanakuwa sare. Ubishi wa "2.4 inafika mbali kuliko 5" ambao husikika kila kibanda cha fundi, kwa nyumba zinazoonana, hauna maana. Tofauti iko mstari wa tatu: dishi linakupa desibeli 20 zaidi, na desibeli 20 ni mara mia. Ukichagua Kenya kwenye mipangilio, kama inavyotakiwa, redio inaweza kupunguza nguvu ya kutuma ili isivuke kikomo, na namba zitashuka kidogo kutoka hapo. Bado dishi litashinda, kwa sababu halitumi tu, linasikiliza pia, na hakuna sheria inayokukataza kusikia vizuri.

Paneli zangu za 2.4 zilinipa −83. Usiku wa manane Mama alipata megabiti mbili tatu. Mchana, sifuri. Na hapo kulikuwa na sababu ya pili ambayo hesabu haionyeshi: kelele. Kwenye 2.4 kuna njia (chaneli) tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na kila duka, hoteli na nyumba ya kupanga kutoka Mamboleo hadi Nyalenda inazigombania. Antena iliyo juu ya kilima inazisikia zote. Kilima kilichonipa macho ndicho kilichonipa makelele. Nilizitoa, nikazigawa: moja iko kwenye banda la kuku la jirani yangu, mita mia na hamsini, na hapo inafanya kazi kama saa.

Basi ushauri wangu kwa hizi tatu si wa kusitasita. Chini ya nusu kilomita, mkionana, paneli ya 5 inatosha na ni rahisi kuifunga. Paneli ya 2.4 inunue tu kama kuna mti mmoja mwepesi katikati, umbali ni mfupi, na uko mashambani ambako hakuna waifai za watu. Zaidi ya kilomita moja, nunua dishi la 5 na usirudi nyuma, hata kama tofauti ya bei inakuuma siku ile.

Majina utakayokutana nayo kwenye madishi ni LiteBeam ya Ubiquiti, CPE610 ya TP-Link na LHG ya MikroTik. Yote matatu yataivuka kilomita nane. LiteBeam 5AC Gen2 ndiyo niliyo nayo; ina tundu la kebo la gigabiti na menyu zake mtu wa kawaida anazielewa. CPE610 ina tundu la megabiti 100, na kama unalipia megabiti 20 hilo halikuhusu hata kidogo. LHG ina antena kubwa kidogo, desibeli 24.5, lakini MikroTik ni ya mtu anayefurahia kukaa na menyu hadi saa nane usiku. Kitu kimoja usikosee: pande zote mbili ziwe za mtengenezaji mmoja. Kila kampuni ina lugha yake ya kupangia zamu nani aseme na nani anyamaze, na hawasikilizani. Zamu hiyo ndiyo pia sababu ruta ya nyumbani iliyofungwa kwenye sufuria ya aluminiamu, kama zile za kwenye video, haikufai. Ruta ya ndani imeundwa ingoje jibu kutoka chumba cha pili, haikuundwa kungoja jibu kutoka Nyamasaria.

Gigahezi 60: nzuri, kama hainyeshi

Siku hizi utauziwa pia vidishi vya gigahezi 60. Kasi yake inatisha, gigabiti nzima, na hakuna kelele za majirani kwa sababu mawimbi haya hayaendi mbali. Hayaendi mbali kwa sababu oksijeni yenyewe huyanywa, desibeli 15 hivi kwa kila kilomita, na mvua kubwa ya kwetu huongeza kiasi kama hicho tena. Kwa gereji iliyo ng'ambo ya barabara, au majengo mawili ya shule yaliyo mita mia tatu, ni kifaa kitamu. Kwa kilomita nane sahau. Ukikichagua, chagua kile chenye redio ya akiba ya gigahezi 5 ndani yake, ili wingu la Aprili likifika kihamie huko chenyewe.

Faiba yako mwenyewe

Sasa shemeji wa Bunyore. Nyumba mbili za boma moja, mita 350, katikati bonde dogo lenye mawe makubwa yale ya huko na mstari wa mikaratusi kando ya kijito. Januari tulipanda juu, tukaona paa kwa paa kupitia pengo kati ya miti miwili. Tukafunga madishi mawili, ishara −48, watoto wakashangilia. Nilijua kuwa pengo ni jembamba. Nilisema kimoyomoyo kuwa mita 350 ni karibu, nguvu zitatosha.

Mei shemeji akapiga simu. "Shemeji, hii kitu yako inafanya kazi asubuhi tu." Nilipofika, pengo lilikuwa limejaa. Mkaratusi haukui kama miti mingine, na majani yaliyolowa ni maji yaliyosimama hewani: kila jani linakula kipande chake cha ishara. Asubuhi kabla ya mvua, −70. Baada ya mvua ya saa tisa, redio zilikuwa zinatafutana kama watu waliopotezana sokoni. Kukata miti? Miti ni ya baba mdogo, na miti ya baba mdogo haizungumziwi.

Tulivuta faiba. Kwa umbali chini ya nusu kilomita, katika shamba lako mwenyewe, ndiyo ninayoiweka juu ya redio zote, na natamani ningeisema mwanzo. Haijali mti, haijali mvua, haina kelele. Unahitaji kebo ya nje ya uzi mmoja au miwili, visanduku viwili vya kugeuza mwanga kuwa kebo ya kawaida, na fundi mwenye mashine ya kuunganisha ncha. Au unanunua kebo iliyokatwa na kufungwa ncha tayari kwa urefu unaoutaka, na fundi humhitaji. Kuchimba kulishindikana kwa sababu ya mawe, tukaitundika kwenye nguzo zetu wenyewe za mikaratusi (baba mdogo alituuzia). Usiitundike kwenye nguzo za stima bila ruhusa ya wenyewe, na kama lazima uvuke barabara ya umma au shamba la mtu, hapo faiba inapoteza utamu wake haraka sana: utamaliza mwezi ukizungukia ofisi za kaunti na vikao vya wazee.

Na tafadhali, usivute kebo ya shaba kati ya nyumba mbili, hata kama ni mita 60 na kebo unayo bure. Kila nyumba ina chuma chake cha ardhini. Radi ikipiga karibu, ardhi ya huku na ya kule hazilingani, na umeme hutafuta kusawazisha kupitia kebo yako, ruta yako na mkono wa aliyeshika ruta.

Radi na stima

Ukisoma ulinganisho wa Ulaya, sehemu hii huwa sentensi mbili. Kwetu ni nusu ya uamuzi. Kuanzia kingo za ziwa hadi Kakamega na Kisii, radi si habari, ni ratiba. Mawingu hukusanyika baada ya chakula cha mchana, na jioni mbingu inapasuka.

Swichi yangu ya kwanza haikupigwa na radi. Radi ilipiga mahali fulani upande wa Kiboswa, mbali kidogo, mimi nikiwa mezani. Nikasikia mlio mdogo kama wa mtu anayevunja kijiti kavu nyuma ya kabati la televisheni, kisha harufu. Redio juu ya paa ilikuwa inawaka taa zake zote, nzima kabisa, lakini tundu lake la kebo limekufa, swichi imekufa, na kisimbuzi cha televisheni kimekufa kwa kuwa kilikuwa jirani. Kebo ndefu ya shaba inayopanda ukutani ni antena yenyewe. Haihitaji kuguswa.

Sasa nguzo yangu ina waya mnene unaokwenda kwenye chuma cha ardhini, na chuma hicho kimeunganishwa na kile cha umeme wa nyumba, si kujitegemea. Kebo ni ya nje, yenye ngao ya bati ndani. Kinga ya radi moja iko juu karibu na redio, nyingine pale kebo inapoingia nyumbani. Na baada ya swichi ya pili kuungua hata hivyo, niliongeza ujanja ambao ni bei ya chakula cha jioni cha familia: kati ya kebo ya paa na ruta nimeweka visanduku viwili vya faiba na mita mbili tu za uzi wa kioo. Mshtuko ukishuka unaua kisanduku cha kwanza na kuishia hapo, kwa sababu kioo hakipitishi umeme. Kwa Mama, ambaye hatachomoa chochote mawingu yakija, ndilo jambo la kwanza nililoweka.

Stima ni rahisi zaidi. Redio ya dishi ni wati 7, ruta ni 8, jumla 15. Betri ya volti 12 ya saa-ampea 18 ina wati-saa 216. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, unapata saa saba. Kumbuka inahitajika pande zote mbili. Mwezi wa kwanza nilikuwa na betri Riat na Nyamasaria sina, na kila stima ilipopotea kule Mama alinipigia: "Mwanangu, sahani yako imelala tena." Hadi leo anaiita sahani.

Siku ya kulenga

Hii haiingii kwenye ulinganisho, lakini itaamua kama utachukia ulichochagua. Dishi la desibeli 23 lina mwale mwembamba, na kwa kilomita nane kila digrii moja ni mita 140 kule mbele. Lenga kwanza kwa alama uliyoiweka siku ya kioo. Kisha zungusha polepole hadi upite ishara bora, iteremke, halafu urudi. Watu wengi husimama kwenye kilele cha kwanza wanachokiona. Mimi nilisimama kwenye −74 nikadhani ndiyo basi, kumbe nilikuwa nimeshika mwale wa pembeni, ule dhaifu unaovuja kando ya mwale mkuu. Kusogeza kidogo tu kulia kukanipa −61. Usisahau kuinamisha pia: kutoka Riat kwenda chini ni kama digrii mbili, na dishi lililosimama wima lilikuwa likiiangalia anga ya Ahero.

Weka upana wa njia kuwa megahezi 20 badala ya 80. Utaambiwa kuwa pana ni kasi, lakini pana pia ni kelele, na kila unapopunguza nusu unapata desibeli 3 za bure. Kama redio inahama njia yenyewe na kukatika dakika moja, pengine iko kwenye njia zile za katikati ya gigahezi 5 ambazo sheria zinaitaka iziachie rada. Peleka juu, kwenye 5.8.

Mama ana mahubiri yake yote sasa. Wiki iliyopita jirani yake alikuja kuuliza kama naweza kumgawia na yeye kwa ada kidogo. Nilimweleza kuwa kuuza intaneti kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na mkataba wangu wa faiba hauniruhusu kumpa mtu wa nje hata bure. Nikamwambia kama ana ndugu mwenye faiba mahali pa juu, tutafunga la kwake. Anaye binamu, yuko Riat hii hii. Nikamtuma juu ya paa lake na kile kioo cha kunyolea. Alishuka baada ya robo saa. Upande wa Riat, akasema, kuna ghorofa inajengwa, na jana wamemwaga zege ya sakafu ya nne.